Ndala Iliyoelekezwa Mlangoni Kwangu

Jirani yangu Nibaran Mondal hakuwahi kuulizwa kama anajua kufuga samaki. Hapa kisiwani kwetu kila aliyechimba bwawa alimwita yeye kwanza. Alikuwa akichuchumaa ukingoni, anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, kisha anakitazama kiganja chake chini ya maji. Kiganja kikipotea kwenye ukijani, maji yameiva. Kikionekana, maji yana njaa: tia samadi, tia mashudu ya haradali yaliyolowekwa. Maji yakinuka, tia chokaa. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote, na ilitulisha wengi. Hata mimi nilikula samaki wake tangu nilipoletwa hapa bibi harusi, mpaka mume wangu alipofariki. Mjane wa kwetu hali samaki.

Kisha ikaja ile tufani iliyobomoa tuta la mto. Maji ya chumvi yakaingia kwenye mabwawa yote, na samaki wa Nibaran wakaelea matumbo juu. Bwawa halikupona. Nibaran naye, sijui nisemeje, akawa anakaa tu kibarazani akishona nyavu ambazo hazikuwa na pa kwenda.

Mkewe Charubala si mtu wa kukaa. Alijiunga na kikundi cha akina mama, akafundishwa, akarudi na turubai nene na pampu ndogo ya sola. Akajenga hodhi la mianzi nyuma ya nyumba, akalitandika turubai, akalijaza maji ya mvua, akatia vifaranga vya perege. Juu yake akaweka mapipa yaliyopasuliwa, yamejaa vipande vya matofali, akapanda nderema na mumunye. Pampu inapandisha maji ya samaki kwenye matofali, mboga zinakula uchafu, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Mwalimu wao, msichana mdogo tu, aliwaonya wasitie kitu kingine chochote humo ila chakula cha samaki, tena kidogo.

"Mama Tulika," Nibaran akamwambia, "hapo unafuga samaki au unafua nguo?"

"Wewe baki na bwawa lako la chumvi, utengenezee achari," mkewe akamjibu.

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nibaran hakucheka.

Samaki wale walikuwa na kazi yao. Tulika, binti yao wa pekee, alikuwa mjamzito, na alikuwa anakuja na mumewe Prasun kwenye karamu ya wakwe, ile siku mama mkwe anapompepea mkwewe na kumlisha mpaka ashindwe kuinuka. Baada ya karamu Tulika angebaki kujifungua kwao, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Mimi sikujaliwa mtoto. Tulika ndiye niliyempaka mafuta ya haradali kila asubuhi juani alipokuwa mchanga, nikamnyoosha miguu na mikono. Charubala, ambaye tunaitana wifi kwa ujirani tu, alikwishaniambia, "Wifi, mtoto wa Tulika ni wako kumpaka mafuta." Nilikuwa nimeshazipasua sari zangu kuukuu, nashona vitambaa vya kumfunikia.

Siku moja nikapita kwenye hodhi nikasema, "Loo, wifi, samaki wamenenepa hawa!" Nikasahau kutema mate pembeni, thu, thu, kuondoa kijicho. Mdomo huu!

Siku hiyo hiyo Charubala akavuka mto kwenda kulala kwa kaka yake. Haya yaliyofuata niliyajua baadaye, na kwa kinywa cha Nibaran mwenyewe. Alikwenda kwenye hodhi, akazamisha mkono. Kiganja kikaonekana chote, mpaka mistari yake. Maji yana njaa! Akawaonea huruma samaki, na tuseme kweli, akajionea huruma yeye: mkono wake ulikuwa haujaingia kwenye maji yenye samaki muda mrefu. Akaloweka mashudu, akamimina. Kesho yake maji yakawa mazito, yananuka, samaki wamekuja juu wanatweta. Nibaran anaijua dawa ya maji yanayonuka. Akamwaga chokaa. Kwenye bwawa, chokaa huwa na mahali pa kupotelea. Kwenye turubai haina. Kabla jua halijakwenda upande, hodhi lote lilikuwa matumbo meupe.

Charubala alivyopiga kelele aliporudi, nilidhani Tulika amekufa. Nibaran alikuwa amesimama pale na mikono aliyokwisha kuinawa.

"Nani alikuja hapa? Nani?"

Na yule mwanamume akanitaja mimi: "Jana Malati alipita. Aliwasifu."

Hakusema uongo, angalieni. Alisema neno la kweli, akaliacha lifanye kazi ya uongo.

Asubuhi nikafungua mlango nikaiona ndala kuukuu imening'inizwa kwenye hodhi pamoja na ufagio uliovunjika, ya kufukuza jicho baya. Ncha yake imeelekezwa mlangoni kwangu.

"Wifi, hii ndala inaniangalia mimi?"

"Inamwangalia anayejijua."

"Mimi mwenyewe samaki sili! Nitawaonea kijicho cha nini?"

"Si ndiyo hapo? Asiyekula ndiye mwenye kutamani." Kisha akasema lile lililonikata maini: "Na kwa Tulika usifike. Mafuta ya mtoto nitatafuta mtu mwingine."

Nibaran alikuwa kibarazani na wavu wake. Nilimtazama. Hakuinua uso.

Niliona aibu, sifichi. Sikuwa nimefanya kitu, na bado niliingia ndani nikachukua kioo nikayakagua macho yangu. Mjane ukishaambiwa una jicho baya, unaanza kujiuliza: na yule ng'ombe wa fulani? Na yule mtoto aliyeugua homa baada ya mimi kumbeba? Vile vitambaa nikavisukuma chini ya kitanda. Nibaran naye akawa ananikimbia. Nikitokea njiani, anageuka kama aliyesahau kitu nyumbani. Nikadhani hata yeye ananiogopa.

Siku ya karamu sikualikwa. Nilikaa ndani, lakini nyumba zetu zimeachana kwa ukuta wa mianzi tu, na masikio sikuyafunga. Nikasikia Charubala anampepea mkwewe, anamfunga uzi wa manjano mkononi, anapakua wali.

"Baba, hawa ndio wale samaki wa kwenye turubai?" Prasun akauliza.

"Wa sokoni hao, mwanangu," Charubala akajibu. "Wetu walipigwa jicho. Huyo hapo jirani."

"Shangazi Malati?" Tulika akasema. "Mama, acha hayo! Shangazi kanilea mimi."

"Wewe umepona. Samaki wamekufa."

Prasun akaingilia. Ni kijana mpole, hakuwa na ubaya. "Basi mama, kama ni hivyo, asimguse mtoto." Kisha akamgeukia mkwewe kwa heshima: "Lakini Baba, kisiwa kizima kinasema wewe ukiyatazama maji tu unajua ugonjwa wake. Hukuona dalili yoyote?"

Nikasikia pepeo limesimama.

"Niliona," Nibaran akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwamwa na mwiba. "Niliziona zote. Niliwaua mimi."

"Baba Tulika, unasema nini?"

"Nilitia mashudu. Yakanuka. Nikatia chokaa."

"Chokaa! Kwenye turubai! Si nilikwambia mwalimu alivyosema?"

"Uliniambia. Nikaona mwalimu ni mtoto, na mimi ni Nibaran. Halafu nikamwachia Malati aibu yangu aibebe, kwa kuwa yeye hana wa kumtetea."

Kwetu mwenye nyumba hainuki mgeni hajamaliza kula. Nibaran aliinuka, wali ungali kwenye vidole, mbele ya mkwewe, akatoka nje. Nikasogea mlangoni. Nilidhani anakwenda kuitoa ile ndala. Hakuitoa. Aliigeuza tu, taratibu, ikaelekea mlangoni kwake. Ndipo nilipoitambua: ilikuwa ndala yake mwenyewe, ya mguu wa kulia.

Kisha akaja mpaka chini ya kibaraza changu, akashindwa kupanda.

"Dada," akasema. Akaunyosha ule mkono wenye wali, akaurudisha.

Mnadhani nilimsamehe papo hapo? Thubutu! "Wali unakukaukia mkononi, kaka," nikamwambia. "Nenda ukanawe." Nikafunga mlango, nikalia nyuma yake.

Aliyeufungua alikuwa Tulika, na tumbo lake mbele. Aliketi kitandani kwangu bila kuulizwa, akauona uzi umejitokeza chini ya kitanda, akavivuta vile vitambaa vyote mpaka mapajani kwake. Charubala alikuja siku ya pili na bakuli la nderema, akaliweka chini, akasema pampu bado inafanya kazi. Huko ndiko kuomba radhi kwake, nami nikakupokea hivyo hivyo.

Sasa mtoto amezaliwa, wa kike, ana mapaja kama mumunye, thu, thu. Asubuhi nampaka mafuta kule uani kwao, karibu na hodhi, ambamo wamo vifaranga wapya. Nibaran hupita, na kabla ya kuyagusa maji humuuliza mkewe, kama mgeni, "Mama Tulika, nizamishe mkono?" Charubala amejaribu mara nyingi kuitoa ile ndala, anasema wageni wanacheka. Mumewe humshika mkono.

"Iache," humwambia. "Bado haijamaliza kuniangalia."