Nguzo Nyekundu za Bustani Yetu

Gineri, kiwanda chetu cha kuchambua pamba, ilipouzwa kwa mwekezaji tulinyamaza. Kwa hiyo juzi, nilipokuta nguzo fupi zenye namba zimesimikwa katika bustani ya umma hapa Bariadi, rangi nyekundu ikiwa bado mbichi, sikuuliza mtu. Nilijua ni alama za wapima viwanja, na mwekezaji yuko njiani. Nikapiga yowe la sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Wenzangu wakaja na marungu, tukazing'oa zote, na mimi nikazibeba hadi kwangu kama mateka ya vita.

Kesho yake asubuhi nilirudi kulinda ushindi wangu. Nikakuta wanafunzi wamejaa, binti yangu akiwemo, kila mmoja na ramani. Mwalimu wao akawaeleza kwamba watashindana kutafuta nguzo kwa kusoma ramani, leo na miaka yote ijayo. Wakatawanyika mbio. Muda si mrefu nikawaona wamesimama, kila mmoja kando ya shimo.

"Ramani haijakosea, mwalimu," binti yangu alisema. "Nguzo ndiyo haipo."

Mwalimu akageuka, akaniona, akanijia kwa heshima.

"Mwangaluka, baba," akanisalimu kwa Kisukuma, akanyoosha mkono.

Kwetu salamu haikataliwi. Nikautoa mkono mfukoni, kiganja chekundu.