Kampuni ya Mtu Asiyekuwepo

Siku ile haijanitoka, mwanangu, ingawa nimejitahidi kuisahau. Nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha la benki mjini Mbarara, ng'ambo ya mpaka, nimevaa gauni nililolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, mkononi nina bahasha yenye cheti cha usajili wa kampuni yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Binti wa dirishani, mpole kabisa, aliweka cheti na pasipoti yangu sambamba juu ya meza, akavilinganisha, kisha akaniuliza kwa Kinyankore, ambacho ni kama Kinyambo chetu tu, "Mama, mwenye kampuni hii ni nani? Na wewe ni nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nakusimulia haya kwa sababu umekuja asubuhi hii, umekaa kwenye kiti hicho, umenionyesha simu yako na kuniambia kwamba kampuni ya nchi ya watu siku hizi inasajiliwa kwa dakika chache. Jina umeshachagua, nembo imeshachorwa. Nikakuuliza kama umesoma masharti ya mgeni, ukasema utayasoma baadaye. Mwanangu, nimezaa, nimelea, nimezika, lakini hiyo "baadaye" yenu inanichosha kuliko vyote. Weka simu chini unisikilize.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa hapa hapa Bugene na ninauza asali. Asali yenyewe ilitoka kwa akina mama kumi na mmoja wa upande wa Kyerwa, wenye mizinga yao. Wao walirina, mimi nikachuja, nikatia kwenye chupa, nikauza Kayanga. Siku moja bwana mmoja wa Mbarara mwenye nyumba za wageni alionja asali yetu, akaitaka ya kila mwezi. Akaweka sharti moja: auziwe na kampuni iliyosajiliwa kwao, yenye akaunti ya benki kwao. Akanipa mpaka mwisho wa kiangazi.

Usidhani sikupanga. Nilipanga mpaka mume wangu akanichoka. Nilipanga ukubwa wa chupa na maneno ya lebo. Rangi ya kibao cha duka nililotaka kulifungua kule peke yake ilitula wiki tatu, mimi nataka njano, yeye anasema njano inachuja. Nyuki wa kwenye lebo nilimchora kwa mkono wangu. Kitu kimoja tu sikukipanga, nacho ni makaratasi. Niliona hiyo ni kazi ya kumpa mtu.

Na nikuambie ukweli, sikuona hata kidogo kwamba naenda ugenini. Unavuka mto wa mpakani pale Murongo, unawasalimia watu kwa lugha yako wanakuitikia, unakaribishwa ndizi zile zile ulizoziacha nyumbani. Nilidhani ugeni ni pale ambapo watu hawakuelewi. Kumbe ofisi haisikilizi matamshi yako. Ofisi inasoma.

Mtu niliyempa kazi nilielekezwa na muuza duka mmoja. Hakuwa na ofisi, alikuwa na mkoba. Nikampa nakala ya hati ya muda ya kusafiria, ambayo niliiombea kwa cheti cha ubatizo. Kwenye cheti hicho mimi ni Reokadia Lutaihwa. Baadaye pasipoti yangu ikatoka, nayo niliiombea kwa cheti cha shule, ambako mimi ni Leokadia Rutaihwa. Tofauti hiyo niliiona, mwanangu. Nisikudanganye kwamba sikuiona. Mimi na mume wangu tuliiona tukiwa mezani, tukacheka, kwa sababu huku kwetu herufi hizo mbili zinabadilishana viti kila siku na hakuna anayejali.

Yule bwana aliniletea fomu stendi. Gari lilikuwa limeshajaa, dereva anapiga honi. Nikatia saini nikiwa nimesimama, fomu nimeziegemeza kwenye mkoba wake. Jina langu lilikuwa limeandikwa humo mara tisa, na sikulisoma hata mara moja. Cheti kilipotoka nikakiweka kwenye fremu, nikakitundika sebuleni. Majirani walikuja kukitazama. Kukitazama tu, kama mimi.

Sasa nirudi benki. Binti yule alinieleza taratibu kwamba kampuni ni ya Reokadia, na aliyesimama mbele yake ni Leokadia, na yeye hana njia ya kuwafanya watu wawili kuwa mmoja. Kisha akaniuliza kibali changu cha kufanya kazi nchini kwao kiko wapi. Sikuwa nacho. Sikujua hata kwamba kipo. Nilidhani cheti cha kampuni ndiyo ruhusa ya kila kitu. Nilitoka pale na gauni langu jipya, nikapanda gari kurudi, na njia nzima nilikuwa namtafuta wa kumlaumu.

Yule wa mkoba alizima simu siku mbili. Siku ya tatu alipokea, akasema aliandika kilichokuwa kwenye hati niliyompa. Na ndivyo ilivyokuwa. Hilo lilinikera zaidi kuliko kama angeniibia.

Basi nikaenda Nyaishozi kwa katekista aliyeandika ubatizo wangu. Alikuwa mzee sana, nilimkuta uani anapepeta maharage. Nikamwamkia shikamoo ya haraka, ile ya kutimiza wajibu, nikaanza kumwambia kwamba kalamu yake imeniharibia maisha. Ndiyo, mwanangu, mimi huyu unayeniona. Mzee wa umri wa babu yangu.

Hakukasirika. Aliweka ungo chini, akafuta mikono, akaniuliza mama yangu aliniitaje nyumbani. Nikalitamka jina kama mama alivyolitamka, Reokadia.

"Umesikia ulichosema?" akaniuliza. "Mimi niliandika hicho hicho. Mama yako hakujua kusoma, nami nilimuuliza mara mbili. Wewe umesomeshwa hadi sekondari, na cheti hiki umekaa nacho miaka yote. Lini ulinijia kuniomba nikirekebishe?"

Akaniambia niende Kayanga kwa wakili nikaape kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na niende na shahidi aliyekuwepo nikibatizwa. Shahidi akawa yeye mwenyewe. Mzee yule alipanda bodaboda kwa ajili yangu, baada ya maneno niliyomtupia, na hata siku moja hakunikumbusha.

Kiapo kilichukua asubuhi moja. Kilichobaki kilichukua miezi. Kurekebisha jina lililokwisha kuingia kwenye daftari la nchi nyingine si sawa na kufuta kosa kwa kifutio. Barua ilirudi kwa sababu muhuri haukusomeka. Nilisafiri mpaka makao makuu ya ofisi yao ya usajili nikaambiwa nakala iliyothibitishwa kwetu inatakiwa ithibitishwe tena. Watu wa kule hawakunionea, walifuata utaratibu wao, utaratibu ambao ningeuuliza tangu mwanzo ungenichukua wiki mbili.

Kiangazi kikaisha. Asali iliyokuwa kwenye ndoo hapa nyumbani ikaganda. Wewe na mimi tunajua asali kuganda si kuharibika, lakini yule bwana wa nyumba za wageni alipokuja kuiona alidhani nimetia sukari. Na hata hivyo alikuwa amekwisha kupata mwingine.

Akina mama wakaja kuchukua ndoo zao. Hawakuja kwa ugomvi, na afadhali wangegombana. Kila mmoja alifika, akasalimia, akanywa maji, akafunga ndoo yake kwenye bodaboda. Wa mwisho alikuwa Mama Koleta, ndiye aliyewashawishi wenzake waniamini. Nilianza kumweleza habari za herufi, nikachukua karatasi nimwonyeshe. Akanizuia kwa mkono.

"Usinionyeshe, sijui kusoma," akasema. "Tulikuchagua wewe kwa sababu unajua."

Akaondoka.

Mwaka uliofuata jina lilirekebishwa, kibali nikakipata, na duka nikalifungua Mbarara, dogo kuliko lile nililolichora kichwani. Nililiendesha miaka mingi mpaka magoti yakakataa safari. Wanne kati ya wale mama walinirudia. Mama Koleta hakurudi. Tunakutana kanisani mpaka leo, ananisalimia vizuri, ananiulizia watoto. Ningependa aninunie.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi. Nenda kasajili. Lakini kabla hujagusa hiyo simu tena, toa cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha shule, kitambulisho na pasipoti, uviweke vyote mezani kwangu hapa, usome jina lako herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, irekebishe ukiwa bado nyumbani, ambako kuna watu waliomjua mama yako. Ukishamaliza, uliza kama mgeni anaruhusiwa kufanya biashara hiyo unayoitaka, na kwa kibali gani, maana kampuni kusajiliwa na wewe kuruhusiwa kufanya kazi ndani yake ni mambo mawili. Uliza unatakiwa kupeleka taarifa gani kila mwaka hata kama hujauza kitu. Uliza pia kampuni inafungwaje, usinikunjie uso, kuna vijana wenzako wana kampuni nje ambazo hawajui hata jinsi ya kuzizika. Ukitaka msaada, mtafute wakili mwenye ofisi unayoweza kurudi na kuikuta. Na fomu yoyote, hata gari likipiga honi mpaka betri iishe, usitie saini hujaisoma. Gari jingine litakuja. Nembo hiyo ya simu ni nzuri, sikatai. Itasubiri.

Na kama kuna watu watakaokukabidhi jasho lao kwa sababu wewe unajua kusoma, basi soma kwa niaba yao.

Haya, inuka. Mungu akuvushe mpaka salama, akukutanishe na watu wenye subira upande wa pili, na kila utakapobisha hodi wakutambue kuwa ni wewe. Sasa nenda kalete hivyo vyeti, nakusubiri hapa hapa.