Mizinga Mitatu Kwenye Shamba la Mke Wangu

Nyuki hawana adabu, na kwa umri huu nilionao sitabadili kauli. Nimefanya kazi na wakubwa wa kila namna pale boma la Sumbawanga, wengine wakali mpaka ukisikia viatu vyao ukumbini unasahau hesabu uliyokuwa unajumlisha. Hata mmoja wao hakunisumbua kama wale wadudu niliowaleta nyumbani kwangu kwa hiari yangu mwenyewe.

Chanzo kilikuwa divai. Nilipokuwa mwanafunzi misheni niliwekwa kumsaidia bruda mmoja Mzungu aliyesimamia ghala, na huyo bruda alikuwa akitengeneza divai ya matunda kwa meza ya mapadri. Nilijifunza kwa kumwangalia: kuponda, kuloweka, kutia sukari, kufunika kwa kitambaa, kuchuja, halafu kusubiri, na kusubiri ndiko kulikonishinda siku zote. Nilipopata ukarani, nikaoa, nikajenga upande wa Katandala, niliendelea na mchezo huo nyumbani. Mapera yalikuwepo. Masuku, matunda ya mwituni, nililetewa na watu waliopandisha kutoka njia ya Kasanga, ambako kuna misitu. Huku juu kwetu ni nyasi na upepo. Sikuuza hata chupa moja. Jumapili baada ya misa nilijimiminia bilauri, nikakaa barazani, nikajiona mtu.

Kisha ikaja miaka ya vita, na sukari ikaadimika. Mwenye duka tuliyemzoea, mzee mmoja Mwislamu, mstaarabu kupita kiasi, alinipimia kidogo kilichokuwepo na kuniambia niwasalimie watoto. Alijua vizuri sukari ile haikuwa inakwenda kwenye chai ya watoto, na hakusema neno, jambo ambalo liliniudhi kuliko kama angenisema. Nikaanza kukwepa duka lake. Ndipo nikapata wazo la asali.

Nilitaka mizinga mitatu tu. Lakini Ufipa ni uwanda wa wazi, upepo wa kusi unapita bila kizuizi, na mahali pekee penye kinga katika eneo langu palikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa minyaa, ambapo mke wangu alilima ulezi wake. Shamba lenyewe lilikuwa dogo, ila huwezi kulielewa bila kuelewa kilimo chetu. Sisi wakati wa masika tunafukia nyasi chini ya vichuguu vikubwa vya udongo, tunaviita ntumba. Nyasi zinaoza humo, na mwaka unaofuata tunatawanya ule udongo mtamu na kupanda. Mwanamke mmoja na jembe lake hawezi kumaliza ntumba za shamba la familia kabla mvua hazijakatika. Anaita majirani, nao wanakuja, na anawapikia pombe ya ulezi. Asiyekuwa na pombe haiti mtu, na asiyeita mtu halimi, na mwakani watoto wake wanakula kwa kuomba.

Kwa hiyo mke wangu aliposikia ninachotaka, aliweka ungo chini.

"Baba watoto," akasema, "ulezi wa pale ndio pombe yangu. Na pombe yangu ndiyo inayoleta watu kwenye ntumba."

"Mwakani watakunywa divai ya asali," nikamjibu. "Watakuja wengi mpaka uwakatae."

"Na nyuki wakigoma?"

"Nyuki wagome wana chama gani?"

Hakucheka. Akasema sawa, msimu mmoja, lakini ntumba za mwakani ziko mikononi mwangu. Nikasema ziko mikononi mwangu. Nilisema kwa sauti ya mtu wa ofisini.

Mizinga nilichongewa na mrina asali mmoja, mzee wa kule kwenye miteremko, mtu wa maneno machache aliyenuka moshi hata akiwa mjini. Aliileta kwa mabega ya wanawe: magogo matatu yaliyotobolewa, meusi, machafu. Akanionyesha namna ya kuipaka nta kwa ndani. Akaniambia mambo mengine pia, na mimi nikayaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Alipoondoka, niliitazama ile mizinga nikaona haifai kukaa nyuma ya nyumba ya karani. Nikaisugua kwa sabuni, ndani na nje, nikaianika. Kisha nikaipaka nta kama nilivyoelekezwa na kuipandisha juu ya nguzo.

Miezi mitano hakuna nyuki hata mmoja aliyetua. Kila jioni nikitoka boma nilipita nyuma ya nyumba kabla ya kuvua koti, nikaweka sikio kwenye gogo, nikasikia upepo. Shamba la ulezi likaota magugu. Wakati wa mavuno majirani walikata ulezi wao, na mke wangu alisimama mlangoni akiwatazama. Mzee wa asali alipopita mjini akanusa mzinga mara moja tu.

"Umeosha?"

"Nimeosha, mzee."

"Kwa sabuni?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alicheka mpaka akakaa chini. Ilibidi tuifukize mizinga kwa moshi siku mbili, harufu ya sabuni iwatoke, na jirani mmoja akaja na ndoo akidhani nyumba inaungua.

Baada ya hapo kundi moja liliingia. Nilifurahi mno, nikamwita mke wangu aje asikilize, naye akaja, akaweka sikio, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Kundi la pili liliingia wiki iliyofuata na siafu wakalimaliza, kwa sababu sikuwa nimemwaga majivu kwenye nguzo, ingawa jambo hilo lilikuwemo kwenye daftari. Mzinga wa tatu ulibaki mtupu mpaka mwisho. Lakini ule mmoja ulijaa. Mvua zilipoanza tena ulikuwa mzito, unavuma, na mimi nilikuwa nimeshahesabu madumu. Tungerina mapema, divai ingechacha wiki chache, na ntumba zingepata watu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hata leo likinijia nasaga meno. Kurina mzinga mmoja ni kazi ya watu wawili. Mimi niliita majirani tisa. Nilisema nahitaji wa kufyeka magugu na wa kuliteremsha gogo, lakini ukweli nilitaka waone. Nilitaka waonje divai, wakumbuke ladha yake, na siku ya ntumba wasisite. Wakaja Jumamosi, saa kumi, wanaume sita na wanawake watatu, akiwemo bibi mmoja jirani ambaye hakuwahi kukosa kwenye ntumba za mke wangu tangu nilipomwoa.

Sasa, kwetu mtu uliyemwita kazini humpi kazi kwanza. Unamkaribisha, unampa kinywaji, anafuta mdomo, ndipo anauliza jembe liko wapi. Kumpa jembe kinywa kikavu ni kumdharau. Kwa hiyo niliwatolea divai ya masuku, yote niliyokuwa nayo, na kwa kuwa walikuwa wageni wangu niliwaongezea. Mimi mwenyewe sikugusa. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika maneno ya mzee: siku ya kurina usinywe, nyuki hawapendi harufu ya pombe. Nikayatii. Nilijinyima kabisa, nikaona nimefanya sawasawa, na nikawapeleka kwenye mzinga watu tisa wananukia divai.

Mke wangu alikuwa jikoni. Alisikia tu.

Kilichotokea hakikuchukua muda. Mtu aliyepanda kwenye nguzo alihema karibu na tundu, na nyuki wakatoka. Aliachia gogo, likaanguka, likapasuka. Kila aliyekimbia alifuatwa. Mmoja alijitupa kwenye kijito, mwingine aliingia nyumbani kwangu na kufunga mlango akiwa ameingia na nyuki wake. Yule bibi hakuweza kukimbia. Mke wangu alimfunika kwa kanga yake na kumburuta mpaka jikoni kwenye moshi, na mikono yake mwenyewe ikavimba mpaka viwiko. Mimi niliumwa mara tatu. Mara tatu tu, kwa sababu sikuwa nimekunywa.

Asali ilichanganyika na tope na majana, wale watoto wa nyuki. Kesho yake nyuki walionusurika walikwisha kuhama.

Jumapili jioni mke wangu aliniambia inatupasa kwenda nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyeumwa, kumpa pole na kumwomba radhi. Ndivyo inavyofanywa, uliyemwita kwako akaumia, unamfuata kwake. Nikakataa. Nilikuwa na hasira na nyuki, na mzee wa asali, na vita, na sukari, na hasira zote hizo nikamshushia yeye. Nikamwambia mimi ni karani wa boma, siwezi kupita mlango kwa mlango kutubu dhambi za wadudu. Wao ni watu wazima, wanajua nyuki wanauma.

"Na ntumba?" akauliza.

"Mvua bado nyingi," nikasema.

Hakuniuliza tena. Alikwenda kwa mama yake akarudi na ulezi kichwani, akauloweka, akauotesha, akaupika, mikono yake ikiwa bado haijapona vizuri. Nilijua anachofanya. Kila asubuhi nilivaa koti, nikapita mbele ya nyumba zile zile kwenda kazini, nikasalimia kwa kuinua kofia, na jioni nikarudi kwa njia ile ile. Alipopakua pombe alijaza vibuyu, akajitwika, akatoka peke yake. Nilimwona dirishani. Ningeweza kumshika mkono nikaenda naye, haikuwa mbali. Nikakaa nikachuja lile tope la asali kwa mara ya nne, na halikufaa kitu.

Siku ya ntumba sikuambiwa. Nilirudi kutoka boma nikakuta nyumba tupu, nikafuata sauti mpaka shamba letu kubwa ng'ambo ya kijito. Shamba zima lilikuwa limekwisha. Ntumba zimejipanga mpaka kwenye mteremko, nyasi zote zimefukiwa, na watu wamekaa chini na vibuyu, matope magotini. Wote tisa walikuwepo, na wengine zaidi. Yule bibi naye alikuwepo, jicho moja bado limevimba.

Nikasimama pale na viatu vyangu. Nikasema shikamoo kwa bibi.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akanisogezea mahali pa kukaa. "Pole sana. Mkeo alituambia walikuuma vibaya, ukalala kitandani siku zote hizo hata kutembea huwezi, ndiyo maana hukufika. Unaendeleaje sasa?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anamiminia mtu pombe na hakuinua kichwa. Nikawatazama wale wengine, watu walioniona nikipita milangoni mwao kila asubuhi na kofia yangu. Hakuna aliyecheka. Mmoja baada ya mwingine wakanipa pole, wakaniuliza kama uvimbe umekwisha, kama usiku napata usingizi.

Nikawajibu wote, mmoja mmoja, kwamba sasa naendelea vizuri.