Spika za Mheshimiwa

Dorah Nyakerario hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa omena, dagaa wa ziwani, na kabla ya hapo mtu wa ndizi, alizozibeba kutoka milima ya Kisii mpaka soko la Kendu Bay, hadi alipong'amua kwamba watu wa ziwa hula ndizi wakikosa samaki, na samaki hawakosi mara nyingi. Akabadilisha biashara. Alitandaza neti zake kwenye uwanja wa kuanikia kando ya maji, akamwomba Rispa, Mjaluo aliyekuwa na neti kando ya zake, amfundishe kugeuza omena kabla jua halijaichoma. Mumewe Mokua alipokufa alizikwa kwao milimani, lakini mjane wake alirudi ziwani, akasomesha watoto watatu kwa samaki wadogo kuliko kidole. Watu walimwita Nyar Kisii, binti wa Kisii. Kwa miaka ishirini na minane jina hilo lilikuwa la utani tu.

Kisha vikaja vigingi. Wanaume watatu waliovaa buti walivipigilia katikati ya uwanja, wakavipaka rangi nyekundu, wakasema ufuo umekodishwa kwa mwekezaji wa hoteli na wenye omena watafute kwingine. Kwingine wapi? Omena haianikwi sebuleni.

Wanawake wakaenda kwa mbunge wao, Mheshimiwa Clifford Obare. Huyu alikuwa mbunge wa viti vya nyuma, wa nyuma kabisa, aliyekaa Bungeni miaka mitatu bila kusikika, ila siku moja alipolalamika kwamba chai ya mkahawa wa wabunge imepoa. Nyumbani, hata hivyo, alikuwa Msabato wa kupigiwa mfano. Aliwakaribisha vizuri, akawaeleza kwamba Waziri hakabiliwi barabarani kama kondakta. Swali huandikwa, likapelekwa kwa karani wa Bunge, Spika akilikubali linatumwa wizarani, na Jumatano asubuhi Waziri mwenyewe anakuja kusimama mbele ya wabunge na kulijibu.

"Niandikieni, mama zangu," akasema. "Nitalisoma kama lilivyo."

Nyakerario ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo yeye ndiye aliyeandika. Swali lilikuwa na vifungu vitatu. Cha kwanza kiliuliza ufuo umekodishwa kwa nani. Cha pili, kama wananchi walishirikishwa. Cha tatu, kama walishirikishwa, mkutano ulifanyika lini na wapi. Hicho cha tatu alikipigia mstari mara mbili, maana yeye hakuwa amesikia mkutano wowote, na mwenye neti ufuoni husikia hata kikohozi.

Jumatano yenyewe wanawake walijaa kwenye hoteli moja yenye televisheni. Obare akasimama. Akasoma kifungu cha kwanza. Akasoma cha pili. Akaketi.

Nyakerario alidhani televisheni imeruka. Lakini Waziri alikuwa tayari amesimama, anasema wananchi walishirikishwa kikamilifu, watu sitini na watatu walihudhuria na kuunga mkono mradi, na orodha yenye sahihi zao anaiweka mezani. Spika akamgeukia Obare: je, Mheshimiwa ana swali la nyongeza?

"Nimeridhika, Mheshimiwa Spika," akasema Obare.

"Ameridhika na nini?" Rispa akauliza.

Jibu lilibandikwa Jumatatu kwenye ubao wa soko. Ilikuwa karatasi moja tu ya ile orodha, ukurasa wa pili, na aliyeuchagua alijua anachokifanya. Nyamweya, Mong'ina, Nyangau, Nyarangi: majina ya wachuuzi kutoka Kisii yalishuka mfululizo, na katikati yao, Dorah Nyakerario Mokua, na mbele yake sahihi. Kufikia saa sita mchana soko zima lilikuwa linajua nani kauza ufuo.

"Hiyo si sahihi yangu," Nyakerario akasema. "Rispa, wewe unaijua sahihi yangu. Tangu Mokua afe natia sahihi kwa jina lake. Hapa wameandika Dorah, tena kwa herufi za mtoto wa nasari."

Rispa hata hakuitazama karatasi. "Jina ni lako au si lako?"

"Jina ni langu, lakini—"

"Basi. Wewe ukifukuzwa hapa una kwenu. Unapanda gari, jioni uko shambani na ndizi zako. Mimi nitaenda wapi, Nyar Kisii? Niingie ziwani?"

Safari hii hapakuwa na utani ndani ya jina lile. Nyakerario alilisikia likimwingia kama mwiba wa samaki mbuta kooni. Kesho yake alikuta neti zake zimetupwa majini, na omena ya siku nzima inaelea ufuoni, kunguru wanaishangilia. Wenye mashua wakaanza kumwambia samaki wameisha huku makarai yamejaa. Mong'ina alifunga virago akarudi kwao. Nyakerario hakufunga. Alikuwa na hasira nyingi mno hata asiweze kufungasha.

Wiki mbili baadaye Bunge likapiga kura juu ya hoja ya kuidhinisha ule ukodishaji, na hoja ikapita. Obare alifika kwenye mazishi ya mzee mmoja akiwa amevaa huzuni ya kuazima, akashika kipaza sauti. "Watu wangu, nilipiga kelele ya La mpaka koo likakauka. Lakini tutafanyaje, kama baadhi yetu hapa hapa walishatia sahihi?" Macho yote yakamgeukia Nyakerario, aliyekuwa amekaa peke yake kwenye benchi la watu sita.

Nyakerario alimchukia Obare siku ile kuliko alivyowahi kumchukia kiumbe yeyote, na hakuona haya mbele za Mungu.

Alipanda gari hadi Homa Bay, akaingia kwenye duka la kompyuta na kuomba achapishiwe Hansard, kumbukumbu rasmi ya maneno yote yanayosemwa Bungeni. Huko ndiko alikojifunza jinsi kura inavyopigwa. Kwanza Spika huuliza wanaoafiki, nao wanasema Ndio kwa pamoja, kisha wanaopinga, nao wanasema La, na sikio la Spika ndilo linaloamua. Huenda Obare alipiga kelele kweli, kelele haina jina. Lakini siku hiyo wabunge wa kutosha walisimama kudai kura ihesabiwe. Kengele ikapigwa, milango ikafungwa, na kila mmoja akapiga kura kwa jina lake. Nyakerario alipitisha kidole kwenye orodha ya waliosema La, mara mbili. Kisha kwenye ya waliosema Ndio. Mara moja ilitosha.

Kabla ya kuondoka aliomba pia barua ichapwe kwa karani wa Bunge, kuomba nakala kamili ya ile orodha iliyowekwa mezani. Alingoja wiki tatu, akiuza omena iliyopondeka. Nakala ilipofika aliifungua mezani kwake, na ukurasa wa kwanza, ule ambao haukubandikwa sokoni, aliusoma akiwa amekaa, akausoma tena akiwa amesimama. Kisha akatazama kalenda ya kanisa iliyoning'inia ukutani. Akacheka peke yake, kicheko kibaya.

Sabato iliyofuata Obare alikuja kanisani. Nyakerario alikuwa shemasi na zamu ya mlango ilikuwa yake, kwa hiyo alimpa mkono kama wageni wengine. Rispa, aliyekuwa kwenye kwaya, alipita bila kumsalimu. Ibada ilipokwisha, mzee wa kanisa Ochieng alimpa Mheshimiwa nafasi ya kusalimu waumini, naye akasalimu kwa dakika ishirini.

"Mzee Ochieng," Nyakerario akasema kutoka mlangoni, "naomba kumuuliza Mheshimiwa swali."

"Dada, hapa si mahali pake."

"Mwache aulize," Obare akasema, akitabasamu. "Mimi kazi yangu ni maswali."

Nyakerario akatembea hadi mbele, bahasha mkononi.

"Mheshimiwa, tarehe tisa Agosti, saa nne asubuhi, ulikuwa wapi?"

Obare akakunja uso. "Tarehe tisa Agosti? Mama, nani anakumbuka—"

"Imeandikwa hapo nyuma yako."

Akageuka. Nyuma yake zilisimama spika mbili ndefu, zile zilizokuwa zikipaza sauti yake muda wote huo. Kwenye ubavu wa kila moja palikuwa na maandishi meupe aliyoyaandikisha mwenyewe, makubwa yasomeke mpaka viti vya nyuma: ZAWADI YA MHE. CLIFFORD OBARE, SABATO, TAREHE 9 AGOSTI.

Uso wake ukakunjuka. "Ah! Siku hiyo! Siku hiyo nilikuwa hapa hapa, nyumbani mwa Bwana, tangu asubuhi hadi jioni." Watu wakaitikia amina. "Na wewe, mama, si ndiye uliyenipokea mlangoni? Ukanionyesha kiti?"

"Ni mimi. Sikutoka mlangoni mpaka jioni?"

"Hukutoka. Mimi ni shahidi."

"Asante, Mheshimiwa." Akatoa ukurasa wa kwanza, akausoma polepole kama mtu anayesoma Maandiko. "Mkutano wa wananchi kuhusu ukodishaji wa ufuo. Tarehe tisa Agosti, saa nne asubuhi, uwanja wa chifu. Waliohudhuria. Namba moja, mgeni wa heshima: Mheshimiwa Clifford Obare. Sahihi." Akauinua watu wauone. "Hii ndiyo orodha uliyoridhika nayo Bungeni. Kifungu cha tatu ulikiruka kwa sababu kinauliza lini. Hoja ilipokuja ukaipigia Ndio, Hansard hii hapa. Kisha ukaja mazishini ukanitupa mimi kwa watu."

Katika ukumbi ule wa Wasabato hakuhitajika mtu wa kueleza kwamba Jumamosi ile, siku ya Sabato, wote wawili walikuwa kanisani, na sahihi zao uwanjani kwa chifu zilikuwa za uongo.

"Swali la nyongeza, Mheshimiwa. Siku hiyo ulidanganya kanisa, au ulidanganya Bunge?"

Obare akafungua kinywa. Spika zake zikapiga mluzi mrefu, kisha zikatulia. Mzee Ochieng akainuka haraka. "Ndugu waumini," akasema, "nadhani sote tumeridhika, tufunge kwa sala..."

Kwenye viti vya kwaya mtu alisimama kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma yake. Alikuwa Rispa, machozi yamemjaa machoni.

"Keti, mzee," akasema. "Nyar Kisii hajaridhika."