Daktari wa Manowari Aliyekuja Bondeni

Mume wangu alifariki tukiwa na miaka minne tu ya ndoa. Nilipotoka eda, watu walidhani nitarudi Mombasa kwa wazazi wangu. Nilibaki hapa Nakuru, mtaani Bondeni, na mavyaa wangu, mama yake marehemu. Macho yake yalikuwa yamefifia, na hakuwa na mtoto mwingine. Isitoshe, nilikuwa nimemzoea. Nikapata kazi ya kushona shuka na nguo za wagonjwa hospitalini.

Siku moja, ilikuwa miaka ya hamsini, sindano ya cherehani ilinitoboa kidole cha shahada. Nilikifunga kitambaa nikaendelea na kazi. Siku ya tatu hakikunjiki, kimejaa usaha. Nikapelekwa kwa daktari mgeni wa upasuaji, Mhindi Mwislamu kutoka Bombay, aliyekuwa amemaliza miaka yote ya vita akitibu mabaharia ndani ya manowari. Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwa wapagazi wa bandarini.

“Beba mkono,” aliniambia, akitaka niuinue.

Alinipiga ganzi, akapasua, akanitaka nirudi kila asubuhi kuoshwa kidonda. Kwa zaidi ya wiki nilisikia habari za melini: jinsi bahari ilipochafuka wakamfunga mgonjwa kitandani kwa kamba, na yeye daktari wakamfunga papo hapo asianguke na kisu mkononi. Nilicheka mpaka nikaona haya. Tangu nifiwe sikuwa nimecheka mbele ya mwanamume. Asubuhi nyingine niliona kifungo cha koti lake kinaning'inia kwenye fundo kubwa la uzi, nikamwuliza ni fundi gani aliyekishona. Akasema ni yeye mwenyewe. Nikamwambia nimeshukuru kidole changu hakikuhitaji kushonwa.

Kidole kilipona, lakini yeye akaanza kupita kwetu Ijumaa baada ya sala, akisema anakuja kumtazama mavyaa. Akagundua ana mtoto wa jicho. Hakutaka kumpasua mwenyewe, maana hiyo haikuwa kazi yake. Alimwandikia mwenzake Nairobi, akaomba likizo, akatupeleka kwa treni. Njia nzima alimsimulia mavyaa kila kilichoonekana dirishani: ziwa la Naivasha, ng'ombe, moshi wa injini treni ikikata kona.

Bandeji ilipotolewa, mavyaa alinitazama kwanza mimi, akasema nimekonda. Kisha akamgeukia yeye, akamkagua pole pole.

“Kumbe masikio yote haya ni yako,” akasema.

Baada ya mwezi daktari alikuja amevaa koti lililopigwa pasi, akakaa mkekani mbele ya mavyaa, akamwomba ruhusa ya kunioa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai.

Mavyaa alininyoshea kidole. “Huyu sikumzaa. Niliachiwa na mwanangu. Ukimchukua, mimi nitakaa na nani?”

“Chumba chako nyumbani kwangu kina dirisha la upande wa jua la asubuhi,” alimjibu. “Nimekwisha kukipaka chokaa.”

Niliweka sinia chini. Nilimwuliza, aliyepaka chokaa nyumba nzima alimwuliza nani kama mimi nataka kuhamia. Alisimama, yale masikio yamemwiva, akaniuliza papo hapo. Nikamwambia angoje.

Alingoja wiki mbili, na hakukanyaga kwetu hata mara moja. Nilimwandikia baba yangu, naye akaridhia. Kilichonizuia hakikuwa yeye. Jioni moja mavyaa alinikuta jikoni nalia, nikamwambia naogopa kwamba nikianza maisha mengine nitamsahau mwanawe.

“Mimi ndiye niliyemzaa,” alisema, “na sijakuomba umkumbuke kwa kukaa peke yako.” Akaniambia nioshe uso, niwashe jiko.

Kesho yake nilikwenda hospitalini, nikamkuta kwenye veranda ananawa mikono. Nilimwambia nimekubali. Aliendelea kunawa mpaka sabuni ikaisha mkononi.

Nikaha ilifungwa msikitini Bondeni. Wahindi wenzake walikuja wachache, na nyumba kadhaa zilizozoea kumwalika chakula zikaacha. Ilimuuma, najua, ingawa mbele yangu alidai kwamba biriani yao ilikuwa na chumvi nyingi. Majirani zetu nao walisema yao, kisha wakachoka.

Mavyaa aliishi nasi miaka sita katika chumba kile, akigombana na mume wangu kila asubuhi juu ya dawa ya shinikizo la damu. Alipofariki, wanaume wa ukoo wake walikuja kumzika. Kaburini, nilivyosimuliwa, waliulizana nani ashuke kumpokea, kazi ambayo ingekuwa ya mwanawe. Mkubwa wao alimtazama daktari, akamgusa bega. Daktari akavua viatu, akashuka.