Mkojo Niliouchuja kwa Kitambaa cha Asali

Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini kusafisha kitu najua. Asali ya huku Kitahana nimeikamua tangu sijaolewa, na hakuna mteja wa Kibondo mjini aliyewahi kunirudishia chupa kwa sababu ya mguu wa nyuki. Ndiyo maana nilifanya nilichofanya. Sijitetei. Nasema ilivyokuwa.

Mjukuu wangu alikuwa na mimba ya miezi minane kasoro. Mume wake anafanya kazi Kasulu, akamleta kwangu ajifungulie nyumbani. Kliniki wakamwomba aingie kwenye utafiti. Watu wa maabara walikuwa wanakusanya mikojo ya wajawazito, wanatafuta humo vitu vidogo vinavyotoka kwenye mwili wa mama na kwenye kondo la mtoto, ili wajue mapema nani atashikwa na kifafa cha mimba. Aliponieleza hayo nilikuwa napepeta maharage. Niliendelea kupepeta. Mama yake alikufa kwa ugonjwa huo, mikononi mwangu, na yeye nimemlea nikimwambia ilikuwa malaria.

Asubuhi ya kupeleka mkojo alisema kichwa kinamgonga na viatu havimwingii. Nikamwambia lala, nitaupeleka mimi. Akanipa kikopo. Nilikitazama mlangoni penye mwanga. Chini kulikuwa na utando, na juu povu, tena povu la kukaa kama la sabuni. Povu la namna ile nilishaliona kwa mama yake.

Mwenye akili angekimbia nalo hivyo hivyo. Mimi niliingia jikoni, nikachukua kitambaa changu cha kuchujia asali, nikauchuja ule mkojo. Nilijiambia kwamba mtu hapeleki uchafu kwa daktari. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka lile povu liondoke. Likaondoka.

Kijana wa maabara pale hospitali si wa huku, aliletwa na kazi kutoka pwani. Aliniamkia vizuri, akainua kikopo dirishani.

"Huu msafi, bibi. Wengine wananiletea kama togwa."

Akamimina mkojo kwenye vichupa viwili vyembamba, akavipima uzito vilingane, akavipanga kwenye mashine vikitazamana, akafunga kifuniko. Ikaanza kuvuma.

"Kama pipa la kikundi chetu cha wafuga nyuki la kuzungushia masega," nikasema.

"Ni ndugu wa hilo pipa. Hii inazungusha mpaka takataka zinakaa chini, tunazitupa. Tunachokitaka kinabaki juu, na hakionekani kwa macho."

"Kitu gani hicho?"

"Vifuko. Kila sehemu ya mwili inadondosha vifuko vidogo, na ndani yake kuna habari za huko vilikotoka. Kama mimba ina shida, huenda kifuko kinajua kabla ya mama mwenyewe."

Akaniambia pale kazi yao ni kuondoa uchafu na kugandisha. Mchana gari linachukua deli la barafu mpaka Kasulu, kisha mji mkubwa. Huko kuna mashine inayozunguka kwa nguvu mpaka vile vifuko navyo vinazama. Au wanapitisha mkojo kwenye mrija uliojaa shanga ndogo zenye matundu, vikubwa vinatangulia kutoka.

"Kijana wangu, usinidanganye. Kwenye chujio kidogo ndicho kinachopita."

"Hapa kidogo kinaingia kila tundu la shanga, kinachelewa. Kikubwa hakienei humo, kinapita moja kwa moja."

"Kama mtoto ukimtuma sokoni."

Akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nikamuuliza, "Na mkojo ukipitia kwenye kitambaa cha asali?"

Akaacha kucheka. "Bibi, umefanya nini?"

Nikamweleza. Akasema hata asali ina vifuko vyake, na vikishachanganyika hakuna atakayejua kipi cha nyuki na kipi cha mtu. Sikuona kama amekasirika. Aliuliza tu, "Kwa nini ulichuja?"

"Kulikuwa na povu."

Alitoa kijiti cha kupimia chenye vibandiko vya rangi, akakichovya kwenye kilichobaki kikoponi. Tukangoja. Kibandiko kimoja kikawa kahawia.

"Hii ni sukari. Ni ya asali yako."

"Ni yangu," nikasema. Nilikuwa nimeshaona kingine kimekuwa kijani. "Na hicho?"

"Hii ni protini. Asali haifanyi hivi, bibi. Anaumwa kichwa?"

"Ndiyo."

"Anaona vizuri?"

Sikujua. Sikuwa nimemuuliza.

Aliiacha mashine ikivuma, akakimbilia wodi ya wazazi. Nikapiga simu nyumbani. Ikaita mpaka ikakata, mara tatu. Nikampigia jirani, mwanamke ambaye hatukuwa tumesalimiana tangu mbuzi wangu walipokula maharage yake.

"Leo umenikumbuka," akasema.

"Nenda kwa mjukuu wangu. Utanitukana baadaye."

Nikasikia kandambili zake zinakimbia. Halafu sauti yake kwa chini: "Amejifungia gizani. Anasema anaona nyota."

Gari likatumwa. Nilikaa kwenye benchi nikihesabu miteremko ya barabara ya kwetu. Mama yake alianza na nyota hizo hizo, nami nikamwambia ni njaa, nikampikia uji.

Walipomfikisha, presha ilikuwa juu mno. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimchoma sindano huku akimuuliza, "Kwenu kuna aliyewahi kupata kifafa cha mimba?"

"Hapana," akajibu mjukuu wangu.

"Yupo," nikasema. "Mama yake."

Daktari akaandika. Mjukuu wangu alinigeuzia uso, umevimba hata macho hayafunguki vizuri.

"Si ulisema malaria?"

"Nilisema."

"Bibi, mimi nimekaa miezi yote hii najiona mzima."

Nesi akasema mtoto lazima atolewe sasa, wakamsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Mlangoni aliinua kichwa. "Nikitoka utaniambia mama alivyokuwa." Alisema "nikitoka", hakusema "nitakapotoka". Nilisimama pale pale mlango ulipofungwa, sikuweza hata kuomba. Neno lililonijia ni moja, povu, povu.

Kijana wa maabara alikuja kunitafuta. Akasema ule mkojo ameumwaga, na kama mjukuu akikubali ataomba mwingine akipata nafuu. Nikamwambia akamwombe mwenyewe, na kikopo kisipite kwangu.

Mjukuu wangu alitoka hai. Mtoto ni wa kike, mdogo sana, wamemfunga kifuani kwa mama yake apate joto. Usiku wa kwanza sikulala, nilikuwa namtazama mjukuu wangu kama atarusha mkono, kifafa kianze. Siku ya tatu presha ilikuwa haijashuka vizuri. Nikamwona amefungua macho ananitazama.

"Haya, bibi. Mama."

Nilitaka kusema apumzike kwanza. Nikavuta kiti.