Fiano Haizai Nyingi

Zephania hutunza bustani ya jumba moja Al-Malqa, Riyadh. Bosi wake alikuwa ameagiza mche wa fiano, zabibu nyeupe ya kusini mwa Italia, ukashukia Bandari ya Jeddah. Huko Italia hukamuliwa mvinyo. Bosi alitaka za kula tu. Mwaka wa tatu mzabibu huo ukatoa vishada vinne, punje ndogo, ganda gumu.

“Mafi faida, hauna faida,” bosi akasema. “Ung'oe. Nawe ukienda likizo, usirudi.”

Zephania hakulia. Anayelia sokoni huuza kwa hasara.

“Bosi, zabibu kubwa ulizonunua Jumapili ziko wapi?”

“Zimeoza.”

“Hizi ziko juani wiki tatu tangu ziive. Ganda ndilo linalozilinda. Hebu onja, kisha unifukuze.”

Bosi akatafuna polepole. Zephania akamkazia macho.

“Tamu kama asali,” bosi akasema mwishowe, akachuma nyingine. “Haya, baki. Lakini mwakani nataka vishada hamsini!”

Kukubali kulikuwa rahisi. Zephania akatikisa kichwa.

“Mzabibu huu hautafika hamsini, bosi. Ukitaka nyingi, panda mwingine, nitautunza pia.”

Bosi akageuka kuitazama bustani.

“Utapandwa wapi?” akauliza.